Haraka ya Mungu

Mwaka ule niliandika mtumbwi wa Magesa
pale Kirumba, jua la saa sita likinichoma kisogo.
Alitaka BARAKA YA MUNGU, bluu, kivuli cheupe.
Nikaweka H mahali pa B.
Hakuna aliyeona hadi mtumbwi ulipokuwa majini,
na Magesa, mtu wa kuhesabu chenji mara tatu,
akasema acha, injini yenyewe mpya, jina litaifaa.
Tulicheka. Alinikata elfu tano.

Sasa Leokadia wa kliniki, juu kilimani Bugando,
ananichorea damu ya mwanangu nyuma ya kadi:
duara, duara, duara, mundu.
Herufi moja, anasema. Katika kitabu kizima cha mtoto
herufi moja imekaa mahali pa nyingine.
Sikuuliza aliyeiandika.
Fundi humjua fundi.

Mundu naujua. Mama alikuwa nao kule Kwimba,
ulikata mpunga, ukamkata kidole cha shahada,
ukarudi kuchomekwa kwenye nyasi za paa.
Sikujua unaweza kuingia mshipani
ukakwama kwenye kifundo,
Minza akaniamsha saa nane za usiku:
baba, mfupa unaungua.

Lakini miezi sita alikuwa mzima!
Hilo ndilo lililonitatiza.
Kwandu alimbeba mgongoni Mwaloni, kwenye vumbi la dagaa,
akamchekea kila mchuuzi, mapaja yakajaa.
Leokadia anasema: tumboni kuna jeni jingine,
mpishi wa zamu ya kwanza,
anapika damu ijuayo kuvuta hewa kutoka kwa mama,
na mkono wake hauna kosa.
Mtoto akishazaliwa anavua aproni taratibu,
anapunguza taa, analala.
Hafi. Analala.
Wa zamu ya pili anafungua kitabu
na kupika kilichoandikwa.
Mwezi wa saba vidole vya Minza vilivimba kama maandazi.

Nusu imetoka kwangu, nusu kwa Kwandu.
Dada zangu walikwisha kuanza kumtazama kwa pembeni,
wakihesabu wadogo zake waliozikwa.
Nikawauliza: na wa kwetu je, wale wawili
tunaowaruka tukitaja majina?
Wakanyamaza, wakaosha vyombo.

Kisha lile linalonikera mpaka leo:
mwenye nusu tu, malaria haimuui kirahisi.
Babu alilima majaruba, mbu wakinguruma kama mashine ya kukoboa,
akaishi. Majirani walifukiwa.
Basi nipo hapa, na brashi yangu, na Minza wangu,
kwa herufi ileile.
Nimshukuru nani? Nimshtaki nani?

Kuna vidonge. Havifuti kitu.
Vinakwenda kumgongea mpishi wa kwanza:
amka, mama, zamu yako haijaisha.
Haamki kila mara. Akiamka nusu usingizi,
wiki inapita bila kilio.

Na maji, anywe maji mengi.
Tunakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, Mabatini,
ziwa lote lile limelala chini yetu
nami nampimia kwa kikombe.
Mtumbwi wa bluu unakata kwenda Ukerewe.
Ana miaka minne, hajui kusoma.
Ananiuliza ule unaitwaje.

Namsomea kama ulivyoandikwa.