Sentimita Nne

Niliukata mfupi.
Nasema leo, maana siku ile nilisema duka ndilo lililonipunja.
Mpira mpya wa mafuta, ule mweupe unaoonyesha ndani,
nikaukata kwa wembe sentimita nne pungufu,
nikazitia mfukoni zile nne
nikijua kesho zitamfaa mtu mwingine, kwa bei.

Mpira mfupi hauzunguki. Unakwenda moja kwa moja.
Njia ya mwongo ni fupi; yangu niliipima kwa rula.
Nikaupitisha juu ya fremu, ubavuni mwa injini,
nikashusha tangi, nikakaza nati, nikafuta vumbi kwa kiganja,
na pikipiki ikawaka kwa teke la kwanza.
Ndahani akanihesabia elfu tatu. Akafunga nyuma boksi la barafu:
chanjo ya kideri, kuku wa Songambele wanasubiri.

Alirudi Kibaigwa saa nane,
upepo wa Agosti umempaka wekundu shingoni,
akiisukuma.
"Mbukwa," alimsalimu fundi.
Mimi hakunisalimu.
"Inakwenda dakika kumi, inazima. Nakaa pembeni, nangoja,
inawaka. Kumi nyingine, inazima.
Mimi nilingoja. Barafu haikungoja."
Akafungua boksi. Maji matupu,
vichupa vinaelea, lebo zimebanduka.

Sechelela hakunitazama. Hiyo ndiyo adhabu yake.
Alilinyanyua tangi kama anayeepua sufuria,
na chini yake mpira umelala bapa, umekaliwa,
alama ya fremu imejichora
kama ya mkanda kwenye tumbo la aliyeshiba.
Upande mmoja umeiva kwa joto, rangi ya chai ya rangi.

"Lete kidole."
Akakishika, akakipitisha gizani:
hapa kwenye koki ndipo tunapoanzia,
shuka, nyuma ya fremu, siyo juu yake,
pita ndani ya hiki kikono cha waya
(aliyekiweka hapa hakuwa mjinga),
kaa mbali na silinda, vidole viwili,
legea kidogo, kama kamba ya mbuzi anayekula,
ndipo uingie kabureta bila kujikunja.
"Na usiupandishe popote. Petroli haijui kupanda mlima.
Ukiiwekea kilima inakaa chini, inapiga soga na hewa,
na mwenye safari anasukuma."

Nikakata mwingine. Mrefu.
Nikabana vibanio, kimoja juu, kimoja chini.
Nikashusha tangi kidole changu kikiwa bado kule ndani,
taratibu,
mpaka mimi nikausikia uzito
na mpira haukuusikia.

Nikafungua koki.
Mafuta yakashuka. Povu moja likapanda kinyume chake,
likasita kwenye kona,
likatoka.

Elfu tatu nilimrudishia. Chanjo sikuwa na uwezo nayo.
Ndahani hakusema asante; ya nini?
Habari za kuku sikuuliza. Hata leo sijauliza.

Mlio wake ukapita soko la mahindi,
ukapita mizani ya malori,
nami nikahesabu. Saba. Nane.
Sechelela alikuwa anamenya karanga,
akitazama barabara kama asiyetazama kitu.
Tisa.
Dakika ya kumi karanga ilisimama mkononi mwake.

Ya kumi na moja, akaimenya.