Mota ya Mwisho ya Numbi

Chini ya kitanda, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
ninayo moja bado: karatasi ya mfuko wa saruji
iliyosokotwa ikakaza kama ngumi ya bahili,
kizibo cha udongo wa kichuguu,
na mhuri wa zambarau: NUMBI NA WANA, KATUBA.

Wana hawakuwapo. Alikuwa na binti tu, Mujinga,
aliyepima unga kwa mizani ya duka la dawa
akitukataza hata kukohoa.

Jumapili tulikwenda nyuma ya lima jeusi la mavi ya shaba,
tukahesabu, tatu, mbili,
na roketi ya tete ikalipita bomba la kiwanda,
au tulisema imelipita. Nani angepima?

Wakaja wengine. Kalenga wa Ruashi,
zake zililipuka tatu katika kumi.
Ndugu Wawili wa Kamalondo, waliofunga duka
mwaka sukari ilipoishinda nyama kwa bei.
Siku hizi zinatoka ng'ambo, ndani ya plastiki,
zote sawa, zote zinawaka.

Mujinga anauza saruji sokoni Kenya.
Nilimpelekea kopo. Akainusa mota,
akaugeuzia mhuri kwenye mwanga.
"Hii niliisokota mimi. Tazama ukingo,
umepinda. Baba alitaka kuitupa."

Akanirudishia. Hatukuiwasha.
Mlangoni mjukuu wake alikuwa na mfuko mtupu,
anauviringisha gotini,
anauchungulia,
anaufungua, anaanza tena.