Kitufe cha Kijivu

Nilikipenda kijivu kile.
Wiki mbili nilikipauza, nikakipauza tena,
hadi kikawa kama pumzi kwenye kioo cha dirisha:
kitufe cha kuwekea miadi ya daktari,
herufi nyembamba juu ya weupe.
Guntars, mkuu wetu, akasema, "Safi. Kimetulia."

Ilikuwa Februari, Liepaja, barafu mpaka kwenye nyaya za tramu.
Tuliwaita watu watano waje wajaribu,
tukawaandalia chai na biskuti za tangawizi,
na mimi pembeni na daftari,
nimeagizwa nisitie neno.

Skaidrite alitangulia, miaka themanini na mmoja,
zamani karani wa kiwanda cha sukari,
vidole vilivyohesabu magunia sasa vinatetemeka.
Akakigusa kitufe. Hakikumsikia.
Akagusa tena, pembeni kidogo, ukurasa ukaruka,
na jina lake, na namba yake ya kitambulisho,
na robo saa nzima ya kuandika herufi mojamoja,
vyote vikafutika.

Akanigeukia.
"Samahani, mwanangu. Mimi mjinga wa mambo haya."

Samahani!
Kosa langu, radhi yake.
Miaka tisa natengeneza vitu vya watu,
sikuwahi kumwona mwenye kudai
akilipa deni lake mwenyewe
na kuomba msamaha kwa kuchelewa.

Kisha Vilnis, mrekebishaji wa piano, haoni tangu utotoni.
Simu yake humsomea, naye akaitega sikio.
"Kitufe," ikasema. "Kitufe. Picha. Kitufe.
Picha. Kitufe."
Akacheka taratibu.
"Nyumba nzuri hii. Milango mingi.
Ila hakuna hata mmoja wenye jina."

Mwenye macho haambiwi tazama, husemwa.
Mimi ninayo mawili, tena yanalipwa mshahara,
na ilibidi niambiwe.

Dzintra alikuwa na mtoto mkono wa kushoto,
kidole gumba cha kulia hakikufika juu ya skrini.
Rodion, dereva wa lori, akasoma kwa sauti:
"Wasilisha ombi la uthibitisho wa miadi."
Akasoma tena. "Kwani hamwezi kusema tu, Weka siku?"
Niliandika hilo daftarini,
na nilipoandika sikuona jibu.
Wa tano hakuja. Barafu, au alitujua mapema.

Usiku ule, kituo cha tramu, glavu nimeing'ata kwa meno,
upepo unanichoma, gumba limekufa ganzi,
nakata tiketi kwenye simu.
Nikabonyeza pasipo. Ukurasa ukaruka.
Nikawa mzee kwa dakika nne.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
changu nilikichonga mwenyewe, nikakipiga msasa,
nikawalaza wengine.

Kesho yake nikakiua kijivu.
Kikaja cha bluu nzito, kinaenea chini ya skrini,
hata gumba lenye ganzi halikikosi.
Guntars akakunja uso: "Kimenenepa."
Kimenenepa, ndiyo. Kama mkate.
Kila picha nikaipa jina.
Ukikosea, ulichoandika kinakungoja palepale,
wala hakuna anayekupigia kengele nyekundu.

Aprili nikampigia Skaidrite. Anaweza sasa?
"Naweza, mwanangu. Dakika moja tu."
Kwa hiyo unatumia?
Kimya kidogo.
"La. Jumanne nakwenda dirisha la tatu, kwa Lilita.
Yeye huniuliza habari za paka wangu."

Guntars alikuwa na mpango wa kulifunga dirisha la tatu.
Alikuwa na takwimu, na kitufe changu cha bluu
ndicho kilikuwa ushahidi wake.

Nikasimama mkutanoni, nikaomba kitufe kimoja zaidi,
cha kupiga simu dirishani,
na mtu wa kuipokea.

Kuhusu mtu, bado wanafikiria.
Kuhusu kitufe, tunabishana rangi.