Kabla ya Murghab

Injini ipoe kwanza, Zarrina. Usinihimize.
Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kwa pupa:
tazama kiganja changu, ngozi ilivyokunjamana.
Siku ile nilikuwa mbioni kwenda harusini,
harusi yangu.

Gari lisimame pasipo mteremko. Chomoa kijiti,
kifute, kirudishe, kichomoe tena;
mara ya kwanza oili husema uongo.
Nyeusi. Si kitu. Lakini imeshuka chini ya alama,
ongeza kidogo,
kidogo nimesema, hii si supu.

Mafuta ya breki yamepungua tangu Khorog.
Usijaze tu ukanyamaza. Uliza yamekwenda wapi.

Upepo wa Pamir umetulia. Sogeza mkono karibu na rejeta.
Bado moto?
Basi mimina chai.
Mama yako naye alinisubiri.