Kilemba cha Yule wa Tatu

Mchana, Ruwi, natengeneza meno ya watu.
Kazi imenifunza jambo moja: hapana jino jeupe.
Kuna la maziwa yaliyolala, kuna la pembe,
kuna la mvuta sigara anayeapa kuwa ameacha.
Kwa hiyo usiku, hapa Mabela, nikimvisha kanzu
askari wa bati wa kimo cha pingili ya kidole,
sianzi na nyeupe.
Naanza na kijivu cha majivu ya ubani,
nakwangulia rangi ya mfupa juu ya mikunjo,
na nyeupe yenyewe naiweka mwisho, begani tu,
pale ambapo jua lingemgusa
kama jua lingekuwa taa ya mezani.

Thelathini na wawili. Idadi ya kinywa kizima.
Wana magobori, majambia, ngao za ngozi ya kifaru.
Alhamisi wataihusuru ngome ya maboksi
sebuleni kwa Muhanna, kule Khodh,
na Rodel, mwenzangu wa maabara, atailinda
kwa Wareno kumi na tisa na zimwi moja
ambalo historia hailijui,
lakini amelipaka magamba kwa wiki sita
na hakuna mwenye moyo wa kumkatalia.

Juni si mwezi wa rangi.
Darini, unyevu unaigeuza rangi ya kupulizia kuwa chenga.
Ndani, kiyoyozi kinaikausha ncha ya burashi
kabla haijafika shavuni.
Rangi naihifadhi kwenye sahani ya halua iliyokwisha:
sifongo chini, karatasi ya kuokea juu, maji kidogo.
Bado inanukia hiliki.

Mama haipendi kazi hii.
Bi Zeyana, miaka themanini na moja,
aliyetoka Pemba na cherehani bila meza yake.
"Siku hiyo utaambiwa uwatie roho. Utaweza?"
Sitaweza.
Basi tukapatana: sipaki macho.
Kila mmoja ana kivuli tu chini ya paji la uso,
kama mtu anayetazama juani.
Rodel husema mchoraji hujulikana kwa macho.
Namwacha aseme.

Lakini juzi usiku alikuja, miwani puani, tasbihi mkononi,
akainama juu ya meza hata nikaogopa
mtandio wake utaufagia mstari wa mbele.
Akatazama. Akatazama.
"Huyu wa tatu."
"Ana nini?"
"Kilemba chake. Debwani la baba halikuwa na kijani.
Nyekundu, halafu njano nyembamba, halafu nyekundu tena.
Mimi ndiye niliyekuwa nikilifua. Lilichuja,
maji ya beseni yakawa kama juisi ya choya."
Akafika mlangoni, akageuka:
"Na fundo ni kushoto."

Fundo lilitoka kiwandani kulia.
Nikalikata kwa kisu cha maabara,
nikafinyanga jingine kwa akriliki ya ufizi, ile ya waridi,
nikalisugua, nikalipaka.
Mistari mitatu juu ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele.
Nikatoa pumzi nusu, nusu nikaizuia.
Saa nane na robo.
Wa kwanza, wa pili, wa nne, wote wana kijani bado.
Hao sikuwagusa.

Alhamisi zimwi la Rodel lilitoka lango la magharibi
mzunguko wa pili, dadu zikaanguka sita, sita, tano,
na watu wakapiga makofi maana lilikuwa zuri kweli.
Simu ikalia.
"Umekula?"
"Nimekula."
"Yule wa kilemba?"
Nikatazama sinia la walioanguka, ukingoni mwa meza.
Amelala ubavu, fundo juu.
"Yupo."
"Anafanya nini?"
"Amepumzika."
Kimya. Nikaisikia tasbihi, punje kwa punje.
"Usimwache huko kwa watu," akasema.
"Uje naye."