Mkono wa Kushoto

Ulikatika Jumanne, saa kumi na moja jioni,
nyuma ya kiwanda cha soseji kilichofungwa, pale Olot.
Niko juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano,
gurudumu la nyuma tu limeshika ukingo,
breki zimeuma, pumzi nimeibana.
Nikakanyaga ili niruke.
Kak.
Mguu ukaenda na pedali, baiskeli ikabaki na mambo yake.
Muundi wangu sasa una mshono wa nyuzi tisa.

Jumamosi nikachechemea hadi dukani kwa Remei Puigdevall,
nikamtupia kipande juu ya kaunta
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
"Umeniuzia takataka."
Hakujibu. Alivaa miwani ya kusomea,
akakisogeza chini ya taa.
"Soma."

Nikasoma. Pale ulipokatika palikuwa na rangi mbili:
huku peusi, pana mistari myembamba myembamba
kama pete za kisiki;
kule pembeni padogo, kama ukucha wa kidole gumba,
peupe, pakimetameta.
"Hapa peupe ndiyo Jumanne yako," alisema.
"Hapa peusi ni tangu kiangazi.
Miezi mitano umekuwa ukikatika, nawe unaruka juu yake.
Haukulia?"

Ulilia. Kweli ulilia.
Kila nikitua, ki, ki, kama panya darini.
Nikatia mafuta kwenye pedali. Nikabadilisha cheni.
Nikamlaumu aliyenifungia ekseli.
Mwishowe nikaziba masikio kwa muziki.

Akapanga jozi tatu juu ya gazeti la jana.

Ya kwanza nyepesi, imekombwa tumbo, nyekundu kama pipi;
niliipenda kabla sijaishika.
"Hiyo ya mashindano," akasema,
"ya mtu mwenye mdhamini wa kumpa nyingine Mei."
Husemwa rahisi huvunja upishi.
Hakuna aliyenionya kwamba ghali nayo huvunja mfupa.

Ya pili ilikuwa ya Guifré, aliyeacha mchezo alipopata mapacha.
Bei ya kahawa kumi, na haina hata mkwaruzo.
"Guifré ana kilo tisini, hutua kama gunia la saruji.
Nje safi. Ndani mimi sijaingia."

Ya tatu nilitamani isiwepo.
Nene, kijivu, hakuna aliyejisumbua kuipendezesha,
feleji ya kufuliwa, si ya kusubiwa,
milimita mia na sabini, hesi ndefu za kushikia friwili,
na uzito, Mungu wangu, uzito:
gramu mia tatu zaidi ya ile pipi.
"Gramu mia tatu ni nini?"
"Ni sentimita mbili za ukuta," nikasema.
"Na muundi wako ni sentimita ngapi?"

Nikalipa nusu; nusu mwezi ujao.
Akaniazima spana na neno moja:
kaza, panda nusu saa, kisha kaza tena,
chuma kipya nacho huchelewa kukaa kitako.

Usiku ule nikampigia kaka yangu Ermengol,
ambaye tangu kiangazi husema "niko sawa"
kwa sauti ile ile ya panya.
Hakupokea. Nikapiga tena.

Sasa nimerudi ukutani, na juu sijafika.
Sentimita mbili zile zimenishinda mara sita.
Kabla ya kila jaribio nagonga mkono wa kushoto
kwa ufunguo wa nyumba, nainamisha sikio.
Ngiii.
Ndefu, haikwaruzi popote.
Mzee mmoja na mbwa wake wamesimama wakinishangaa,
mbwa kainamisha sikio vilevile.
Nikagonga tena, ili naye asikie vizuri.