Santuri ya Uyole

Baba alirudi kutoka Voronezhi na vitu vitatu:
shahada ya kilimo cha viazi,
koti zito ambalo mama alilikata likawa blanketi letu,
na santuri moja, jalada limeliwa na mende pembeni,
jina la mtunzi kwa herufi tulizozisoma kama nyayo za kuku.

"Tolmachin," alisema. "Yefgraf Tolmachin.
Tulipanga jengo moja, yeye juu, mimi chini.
Msilitamke mkiwa mnatafuna."

Basi jioni, tukimenya viazi vilivyokataliwa na maabara,
alitugawia maisha ya mtu huyo kidogo kidogo, kama posho.

Baba yake Tolmachin aligonga kengele za kanisa
katika mji wa chumvi usiokuwemo kwenye atlasi yetu.
Kengele zikateremshwa, zikayeyushwa, zikawa vyuma vya trekta.
Mtoto, miaka tisa, alisimama akihesabu:
kubwa kumi na moja, ndogo nne.
Usiku akaziandika ukutani kwa makaa,
kila moja na sauti yake.
Mama yake akafuta kabla jirani hajaamka.
"Hapo ndipo alipoanza kazi," alisema baba.
"Na hapo ndipo alipofutwa mara ya kwanza."

Simfonia ya kwanza, watu walipiga makofi hadi taa zikazimwa.
Ya pili, gazeti likaandika: kelele za mlevi
aliyeangukia kabati la vyombo.
Marafiki wakaanza kuvuka barabara.
Mama akainua kisu: "Na mkewe?"
"Mkewe hakuvuka."

Miaka kumi na tisa akala kwa muziki wa filamu za mavuno;
ule wake akaufungia kwenye beseni
chini ya kitanda, pamoja na vitunguu.

Ndipo ile baridi ya mwaka sabini na moja,
mzee, sikio moja tu zima, akashuka ngazi
akamwuliza baba, kijana wa Rungwe mwenye mafua:
Kwenu mvua inasemaje?
Baba hakuwa na Kirusi cha kutosha mvua.
Akageuza sufuria, akagonga kwa vidole.
Hii ya bati.
Hii ya mgomba, Tukuyu, saa tisa alasiri.
Hii ya Machi, isiyo na haraka, inalala nasi, inaamka nasi.
Mzee akasema: Tena. Ile ya mgomba.

"Upande wa pili, dakika ya saba," baba alisisitiza.
Tulisikiliza.
Kaka yangu Gwakisa alisema ni mkwaruzo.
Mama alisema ni mvua; mama alimpenda baba.
Mimi nilisikia ngoma ndogo, kavu,
ingeweza kuwa theluji ikidondoka kutoka paani,
ingeweza kuwa mtu anayebisha hodi
akiomba asifunguliwe.
Jalada halitaji Tukuyu. Halitaji sufuria.

Tolmachin alikufa Februari. Ardhi ilipasuliwa kwa mitaimbo,
baba alichimba zamu mbili.
Waombolezaji kumi na wanne, na mbwa wa mlinzi.

Baba tulimzika Mei, Igawilo,
udongo mweusi, jembe linazama lenyewe.
Tarumbeta za Wamoraviani zilipigwa,
ya pili ikikosea palepale inapokoseaga.
Niliwaomba wazee wa kanisa dakika ile moja tu, ya saba.
Mzee Mwaisumo akauliza kwa upole: "Sindano ya gramafoni ipo?"
Haikuwepo. Ilipotea miaka ile umeme ukikatika kila Jumanne.

Sasa ni Novemba. Nina santuri bubu
na magunia mawili ya mbegu.
Jana usiku mvua ilianza, ya kwanza,
nikatoka uani na sufuria ya mama,
nikaifudikiza juu ya jiwe la kufulia,
nikatazama saa.
Sikufika dakika ya saba.
Maji yaliingia stoo,
ikabidi nikaokoe viazi.